Nyuzi za Harusi: Kinubi, Adungu ama Nyatiti?

Kuna dakika moja kwa harusi za Nairo ambayo madijei wengi huichoma. Si ya keki, si ya kurusha maua. Ni ile bi harusi ameshafika mbele, fathe ameshaachilia mkono wake, na ngoma bado iko katikati ya kiitikio. Dijei anashusha sauti polepole kaa msee anazima tivii usiku asiamshe mathe, halafu inabaki kimya ya aibu. Pasta anakohoa. Maze, miezi yote ya kamati, michango ya WhatsApp, mashosho wametolewa ushago na mat ya kukodi, na hiyo dakika inakatwa na kidole cha mtu hata hakuwa anaangalia mbele.

Sina noma na madijei. Ikifika saa moja jioni, watu wametoa makoti na viatu vya kubana, nipe dijei, nipe spika, uniache. Lakini saa ya viapo inataka mtu ako na macho. Ndio maana mabeshte wakinishow wanapanga harusi, mimi huwaambia hivi: kabla mmalize ganji yote kwa maua na matenti, sakeni msee wa nyuzi akae kando ya madhabahu awachezee live.

Na naanza na kinubi juu kiko na tabia ya kuokolea harusi. Ukivuta uzi na kidole ukauachilia, sauti haikatiki. Inabaki hewani ikiisha yenyewe, so mchezaji akisimama mahali popote hakuna mtu anashtuka. Mkono wa kushoto unashika bezi, wa kulia unabeba wimbo, kumaanisha msee mmoja anafanya kazi ya kabendi. Na hiyo sauti haishindani na mtu anaongea. Pasta anaweza kuanza maombi na nyuzi bado zinalia chini chini, na kila mtu akasikia kila neno.

Cheki ile Canon ya Pachelbel, ile unaijua hata kama hujui jina yake. Pachelbel alikuwa Mjerumani wa karne ya 17, na aliitunga ya vayolini tatu na bezi. Hiyo bezi ni noti nane tu, zinarudiwa mara 28 bila kubadilika hata moja. Watu waliisahau kwa miaka mingi, hadi Mfaransa anaitwa Jean-François Paillard akatoa rekodi yake 1968, ndio ikashika dunia. Kwa harusi inafanya kazi vizuri juu kila baada ya hizo noti nane kuna mlango wa kutokea. Katoto ka maua kakiamua kuketi chini katikati ya kapeti kaanze kuokota petali zake moja moja, mchezaji anazungusha raundi ingine. Bi harusi akiwa na haraka, raundi inakatwa mapema na hakuna mtu anajua. Rekodi haina hiyo akili. Rekodi itakuchezea dakika nne na kitu hata kama kanisa yako iko na kapeti ya hatua kumi na tano.

Tukiwa hapo, wale wanaingia na ile ya Wagner, ile ya taan-tan-ta-taan, mjue mnaingia na nini. Imetoka kwa opera yake ya Lohengrin, iliyochezwa mara ya kwanza Weimar mwaka wa 1850. Kwanza, kwa hiyo stori haiimbwi bi harusi akienda kuolewa. Inaimbwa harusi ikiisha, wawili wakisindikizwa chumbani. Pili, hiyo ndoa haimalizi usiku. Bwana alikuwa amekataza bibi asimuulize jina yake, bibi akauliza, bwana akahepa. Buda, umeolewa na mtu hujui jina, na sisi tumeifanya ngoma ya kuingia kanisani! Kuna maparokia zinaikataa kabisa, juu ni ya opera na si ya ibada, so uliza padre kabla hujaipenda sana. Ya Mendelssohn, ile ya kutokea, angalau iko na furaha. Ilitungwa 1842 ya tamthilia ya Shakespeare, na ilishika moto baada ya binti wa Malkia Victoria kutoka nayo kanisani kwa harusi yake 1858.

Sasa kinubi chenyewe. Kile kikubwa cha dhahabu umehifadhi kwa Pinterest yako kiko na nyuzi 47 na pedali 7, na kinaweza kugonga kilo 40. Ni kirefu kuliko wasee wengi kwa kamati yako. Kila pedali inashughulikia noti moja: ukikanyaga ya Do, karibu nyuzi zote za Do zinapanda ama kushuka pamoja. Huo ufundi wa pedali za hatua mbili ni wa Sébastien Érard, fundi Mfaransa, alioupatia hataza 1810, na mpaka leo hakuna mtu ameuondoa. Nyuzi za Do hupakwa nyekundu na za Fa nyeusi ndio mchezaji asipotee njia. Na ukimwangalia mikono poa utaona kitu: anatumia vidole vinane. Vile vidogo vya mwisho havigusi kazi, vinakaa tu hewani vikipiga luku.

Hiyo yote inageuka kuwa orodha ya shida zako wewe mwenye harusi. Kinubi hakiketi kwa nyasi ya mteremko, kinataka mbao ama sakafu iliyonyooka, juu mchezaji anakilaza kwa bega lake la kulia na kikiteleza kinaenda na yeye. Kiti kisiwe na mikono. Kivuli ni lazima. Nyuzi nyingi za kile kikubwa ni za utumbo wa mnyama, na utumbo unakunywa unyevu. Harusi ya Limuru mwezi wa saba, asubuhi ukungu umeshika hadi huoni geti, saa sita jua linatoka ghafla: hapo nyuzi zinahama zote, kila moja na njia yake. So mchezaji akikushow anataka kufika mapema atyuni, halafu atyuni tena dakika za mwisho, usidhani anajifanya. Anakulinda. Na swali la usafiri liulizwe siku ya kwanza: kinabebwa na ndai gani, kinashushwa na nani, na je, kuna ngazi? Si kitu ya boda, na hata Probox lazima mpime kwanza.

Ukweli ni kwamba hivyo vikubwa Nairobi ni adimu. Mara nyingi utapata kile kidogo cha vishikio, cha nyuzi 34 ama 36 hivi, na kwa harusi mimi sioni hasara. Kinabebeka, kinaingia kwa gari ya kawaida, na sauti yake kwa bustani inatosha ukiongeza maiki moja. Tofauti inakuja kwa kuchagua ngoma. Hapa hakuna pedali za miguu. Kila uzi uko na kishikio chake juu, na mchezaji akitaka kubadilisha noti katikati ya wimbo lazima mkono wa kushoto uache kucheza, upande juu, upinde kishikio, urudi. Ile R&B yako inabadilisha ufunguo mara tatu kabla ya kiitikio cha mwisho itamvunja. Kabla umtumie linki ya ngoma, muulize anacheza kinubi gani, halafu msikize zile tayari ziko mkononi mwake. Nimeona watu wakilazimisha ngoma hadi inatoka ikichechemea, na msee alikuwa na ingine kumi tamu za bure.

Lakini nani alisema lazima iwe ya dhahabu?

Hapa jirani, kaskazini magharibi ya Uganda, Waalur wako na adungu, na hiyo ni kinubi kamili, ndugu ya damu. Mwili ni mbao imechongwa ikafunikwa ngozi, shingo imepinda kaa upinde, nyuzi mara nyingi 9. Zinakuja kwa familia: ndogo ya kubeba kwa mapaja inaimba juu, na kubwa ya bezi inalazwa chini na mchezaji anakaa nyuma yake. Za siku hizi zinatyuniwa kwa do-re-mi ile ya kanisa, ndio maana makanisa ya Uganda yalizikaribisha zamani sana. Ukiwa na shosho anataka kusikia kitu ya Tenzi za Rohoni na wewe hutaki kinanda cha umeme kile cha kila Jumapili, wasee watatu wa adungu watawamaliza nyote wawili. Ile bezi unaisikia kifuani. Kwa kuingia kwa bi harusi, hapa Afrika Mashariki mimi sijaona kitu inaishinda. Ukikosa wachezaji karibu, mabasi ya Kampala yanaingia Nairobi kila siku, na bado unaweza kutoka na bei ya chini kuliko kusafirisha lile jitu la kilo 40.

Kampala kwenyewe kuna ennanga ya Waganda, nyuzi 8, kinubi cha ikulu ya Kabaka. Iko na vipete vimefunikwa ngozi ya kenge, vimekaa karibu na nyuzi, ndio kila noti inatoka na kamlio kake pembeni. Hiyo ilikuwa muziki ya kusikizwa na mfalme akiwa ametulia. Halafu 1966 ikulu ya Mengo ikavamiwa na jeshi la Rais Obote, mwaka uliofuata falme zikafutwa, na wanamuziki wa ikulu wakatawanyika. Falme zilirudi 1993, lakini wapiga ennanga wazuri wamebaki wachache. Ukioa Buganda na upate mmoja, mpe kiti cha mbele na umlipe bila kuomba punguzo.

Sasa twende kwa nyatiti, juu najua hapo ndipo kamati itagawanyika.

Utasikia mzee wa kanisa akizusha ati hiyo ni ya pombe na matanga, haiingii mbele ya madhabahu. Mpe heshima yake kwanza, juu hajadanganya: nyatiti imelia kwa matanga mingi sana. Lakini hata kinanda cha kanisa hulia matangani na hakuna mtu amekitoa. Halafu mkumbushe Daudi. Ile kitu Daudi alichezea Sauli kwa Samweli wa Kwanza haikuwa na pedali. Wanaosoma ala za kale wanasema ilikuwa na kisanduku cha sauti, mikono miwili inapanda juu, na mti umelala juu yake umeshika nyuzi. Sasa angalia nyatiti ya Wajaluo. Angalia obokano ya Wagusii. Angalia litungu ya Wabukusu. Ni umbo hilo hilo. Kile cha dhahabu cha Pinterest ndio kigeni kwa Biblia.

Nyatiti iko na nyuzi 8. Wazee husimulia kwamba ni siku nne za mtoto wa kiume akizaliwa na siku nne za mwanaume akiaga. Kitambo ilikuwa ya wanaume tu. Mwanamke Mjapani, Eriko Mukoyama, akaenda Siaya akajifunza, na leo dunia inamjua kwa jina la Anyango. Siku hizi utapata madem Wakenya wanaichapa, na kwa harusi picha yake inatoka kali. Lakini usiichukue ya picha, aki.

Nyatiti haichezwi kwa mikono peke yake. Mchezaji anaketi kwa kastuli kafupi, magoti yako karibu na masikio, chombo kimelazwa ubavu chini mbele yake. Kwa kidole gumba cha mguu wa kulia amevaa pete ya chuma, oduong'o, na anagonga nayo ule mti wa nyatiti wenyewe. Kwa mguu kafunga njuga, gara. So wakati vidole vinachapa nyuzi, mguu ni ngoma na kayamba pamoja, na juu ya hayo anaimba. Nishawahi kuona msee wa saundi huko Tigoni akikuja na stendi ya maiki ya kusimama, akaiweka mbele ya mzee, akarudi nyuma, akacheki, akakuna kichwa. Kila kitu ya maana ilikuwa inatokea chini ya goti. Ilibidi atafute stendi fupi mbili, moja ikielekea nyuzi, ingine karibu na mguu, halafu ile ndefu akaikunja hadi mdomoni. Shughulika na hiyo mapema. Mwambie msee wa saundi kila kitu kitakuwa chini, na kapeti laini isiwekwe hapo, inakula sauti ya mguu.

Kitu kingine ni pakruok, na hii lazima niieleze polepole juu imeshavuruga ratiba za watu. Mchezaji ako katikati ya wimbo. Anko mmoja wa Alego anainuka, anainua mkono, wimbo unasimama. Anatembea mbele, anaweka noti, halafu anaanza kujisifu: yeye ni mtoto wa nani, wa wapi, rafiki ya nani, amesomesha nani, na shemeji zake ni watu wa aina gani. Watu wanashangilia, mchezaji anampigia nyuzi mbili tatu za kumkubali, wimbo unaanza upya. Haujafika popote na anko mwingine wa Gem ameinuka na noti kubwa kuliko ile ya kwanza, anajibu. Hiyo ndio utamu wenyewe wa nyatiti. Kwa ayie, ile sherehe ya Wajaluo ya kukubaliwa posa, ama jioni ya sherehe watu wakiwa wamedishi, hakuna dijei ataleta kicheko kaa hicho, na mchezaji anaenda nyumbani akiwa ameomoka. Lakini ukiiacha bila kubonga, itatokea bi harusi akiwa katikati ya njia. So wekeni wazi: ndani ya ibada hakuna kusimamisha wimbo, nje afungulie milango yote. Na mkubaliane pia hizo noti za pakruok ni zake, hazikatwi kwa malipo yenu. Kuna kamati zimewahi kujaribu hiyo ujanja. Ni aibu.

Kwa hesabu yangu, nyatiti ni ya kutokea. Ile kugonga ya mguu inasukuma watu mbele. Bi harusi akiingia nayo, hatua yake ya upole inaisha, mabega yanaanza kazi. Mkitoka mkiwa tayari mume na mke, hapo sasa acha mabega yafanye.

Obokano ni kubwa zaidi, nyuzi 8 pia, na sauti yake inanguruma chini na kutetema hadi kwa kiti. Mimi ningeiweka wazee wakiingia ama familia mbili zikisalimiana. Kwa viapo itameza maneno. Litungu, nyuzi 7, ni pole zaidi, tamu wageni wakikaa na kuulizana habari za barabara.

Ngoma gani sasa? Kila dem ameangalia filamu moja atakushow Kothbiro ya Ayub Ogada. Naielewa. Msee alitoka Kenya, akapiga nyatiti kwa stesheni za treni za London, akatoa albamu ya En Mana Kuoyo 1993, na 2005 dunia ikamsikia kwa filamu ya The Constant Gardener. Alituacha 2019. Wimbo wenyewe unaongea juu ya mvua inakuja, watoto waambiwe walete ng'ombe nyumbani. Na hiyo filamu ni ya mwanaume anamsaka aliyeua mke wake. Kaa unaitaka, iweke kabla ya ibada, nyuzi peke yake bila sauti, wageni wakitafuta viti. Ukiiweka kwa viapo, kuna Mjaluo mmoja kwa safu ya tatu atakuwa anajiuliza ng'ombe ziko wapi. Jambo hilo hilo na zile ngoma za mapenzi za redio: soma maneno yote hadi mwisho. Watu wengi wanaingia kanisani na wimbo wa mtu ameachwa, juu kiitikio tu ndio walikuwa wanaijua.

Kuna vipande vinne vya siku vya kumpa msee wa nyuzi. Cha kwanza ni kungoja, na Nairobi kungoja si dakika kumi, tuambiane ukweli. Waiyaki Way imesimama, mekap haijaisha, na wageni mia tatu wameketi wakiangaliana. Hapo kinubi kinafanya kazi kubwa kuliko popote, na watu husahau kukilipia. Kuingia nimeshasema. Kuna kusaini cheti, kipande kila mtu husahau: wawili, mashahidi wawili, anayefungisha, kalamu moja imekataa kuandika, mpiga picha anataka warudie. Hiyo kimya hujazwa na MC na mizaha yake ya ndoa, na mimi ningelipa pesa asipewe maiki hapo. Weka nyuzi. Cha nne ni kutoka.

Wakati wa kudishi, muache mchezaji apumzike. Sufuria, vijiko, watoto, na laini ya pilau: hakuna kinubi duniani kinashinda hiyo. Na kaa upande mmoja wa familia ni wa Magharibi na wanaleta ngoma za isukuti, usizipange karibu hata kidogo. Isukuti iliandikwa na UNESCO 2014 kwa orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka, lakini siku hiyo ni kinubi chako ndio kitahitaji ulinzi. Zile ngoma zikiingia getini, msee wa nyuzi afunge kazi yake kwa amani, achukue soda.

Upande wa doh, kitu ya kubishania si bei ya juu ama chini, ni saa. Andikeni kwa karatasi saa zake zinaanza lini. Akiwa amefika saa tatu mlivyomwambia na bi harusi akafika saa sita, hizo tatu ameshafanya, na ziada italipwa. Msimlipe kuanzia saa ile bi harusi amemaliza mekap. Dipoziti itumwe mapema, hasa kaa tarehe yako ni Agosti ama Desemba juu hapo kila msee wa nyuzi ako na Jumamosi zake zimejaa. Usimchague kwa klipu ya TikTok. Klipu imewekwa mwangwi na studio, na siku yako itakuwa hema la nailoni na upepo. Muulize anacheza wapi wiki hii, uende umsikize akiwa na watu wanaongea. Ukimsikia vizuri hapo, utamsikia popote. Na awe kwa orodha ya chakula. Nimeona wachezaji wakifungiwa nje ya tenti ya chakula na mabaunsa juu hawana kitambaa cha mkono.

Kitu ya mwisho ni ishara. Mchezaji amelaza kichwa kwa nyuzi, hawezi kuona gari ikifika nyuma ya kanisa. Lazima kuwe na mtu mmoja, mmoja tu, anasimama mahali anaonekana na anainua mkono: sasa wapambe, sasa bi harusi, sasa maliza. Mfanye mazoezi hata mara moja Ijumaa jioni. Huyo mtu asiwe best man, atakuwa anatafuta pete. Na usimpe mathe ya bi harusi hiyo kazi. Atakuwa analia, atainua mkono kufuta machozi, na wapambe wote wataanza kutembea.